Mlango wa Nyumba ya Ng'ambo

Mume wangu ni fundi wa kufuli, na sijui kazi nyingine inayomwingia mtu kichwani kama hiyo. Tukialikwa kwenye nyumba mpya, wageni wenzetu husifia sakafu na madirisha. Yeye huinama mlangoni, jicho moja kwenye tundu la ufunguo, mpaka mwenye nyumba anaingiwa na wasiwasi. Mtaani wanamwita Kitasa, na jina limemkaa hivi kwamba hata mama yake mzazi, kabla hajafariki, alikuwa anamwita hivyo hivyo.

Kibanda chake kiko kwenye kona, kati ya muuza betri na duka la dawa. Ana meza moja, jiriwa ya kubania vyuma, tupa nane na ubao mzima wa funguo ambazo kufuli zake zilishapotea. Kila mteja anayekuja kuchongesha nakala hupewa hotuba ile ile, atake asitake: "Nakala itakufungulia mlango, sikatai. Lakini ufunguo ni ule wa kwanza. Huo usimpe mtu." Wateja huitikia kwa kichwa huku wakitazama saa.

Mimi nashona. Cherehani yangu iko sebuleni, karibu na dirisha, na ndiyo kitu pekee nyumbani kwetu kisicho na kufuli. Tunapanga vyumba viwili, na vyumba hivyo viwili vina kufuli saba. Kabati la sukari lina kufuli. Watoto walipokuwa wadogo nilimwuliza anamfungia nani sukari, akasema si suala la nani, ni suala la nidhamu. Sasa watoto wameoa na kuolewa, tumebaki sisi wawili, na sukari bado iko kifungoni.

Lakini hayo yote niliyazoea. Kilichonishinda ni ule ufunguo wa msumarini. Juu ya kitanda chetu alipigilia msumari, na kwenye msumari akatundika ufunguo mmoja wa chuma, mweusi, mrefu kama kiganja changu. Wiki ya kwanza ya ndoa niliushusha nikaupangusa vumbi. Aliponiona aliruka kama nimeshika moto.

"Huo usiuguse," akaniambia. "Huo ni wa nyumba yetu ya ng'ambo."

Hadithi yenyewe ni fupi. Yeye alizaliwa nchi jirani, kijijini, na alipokuwa na miaka sita baba yake akapata kazi upande huu. Baba akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni, akawaambia majirani wanarudi baada ya mavuno. Hawakurudi. Mzee alikuja kufa kwenye kitanda cha hospitali na ufunguo ukiwa chini ya mto, na neno lake la mwisho kwa mwanawe lilikuwa, "Nyumba usiiache." Mume wangu alikuwa kijana wa miaka ishirini. Tangu siku hiyo hajaiacha, kwa mdomo. Kwa miguu hajawahi kwenda hata mara moja. Mara kazi nyingi, mara mtoto anaumwa, mara mvua.

Ila sifa zake, jamani! Aliponichumbia nyumba ya ng'ambo ilikuwa na vyumba vitatu. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa ilishafika vitano. Siku ya harusi ya binti yetu nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia wakwe kwamba ina baraza pande zote nne. Nikamwuliza jikoni, "Ghorofa tunaanza kujenga lini?" Hakunisemesha mpaka kesho yake.

Basi mwaka jana, mwezi wa tatu, binamu yake aliyebaki kule akatutumia picha kwa simu. Ilikuwa picha ya tangazo la ofisi ya ardhi, limepigiliwa kwenye mlango wa mbao. Lilisema nyumba hii imetelekezwa na mwenyewe hajulikani aliko. Kwamba mtu aliyeishi humo miaka kumi na mitano ameomba aandikwe kuwa mmiliki. Na mwenye pingamizi afike yeye mwenyewe siku ya ukaguzi, vinginevyo asiseme tena. Siku yenyewe ilikuwa baada ya wiki tatu.

Mume wangu aliisogeza simu machoni, akaisogeza mbali, akairudisha.

"Wametoboa ubao wangu," alisema.

Kisha akakaa kitandani, chini ya msumari wake. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu ya miaka yote, nilisema siku moja nitayamwaga. Nilipomwona amekaa hivyo nikayameza. Nikaenda kutoa begi kabatini. Ilibidi nimwombe ufunguo wa kabati.

Safari ilikuwa ya siku moja na nusu. Mpakani afisa akafungua begi lake la kazi, akatoa vyuma vile vyembamba vya kuchokonolea kufuli, akavipanga mezani kimoja kimoja.

"Hizi ni za nini, mzee?"

"Za kufungulia milango."

"Milango ya nani?"

"Ya watu."

Nilimfinya mpaka kucha zikauma. Afisa akainua ule ufunguo unaofungua kufuli za kila aina, ambao mafundi wana jina lake nisiloweza kuliandika hapa, na mume wangu, kwa kiburi cha kazi, akamtajia jina hilo waziwazi. Foleni nzima ikaangua kicheko. Nilijua tutalala mahabusu. Kilichotuokoa ni kwamba choo cha maafisa kilikuwa kimefungwa tangu asubuhi, aliyekuwa na ufunguo kaenda nao likizo. Kitasa alikifungua kabla sijamaliza kuomba radhi, na tukavuka mpaka tukiagwa kwa heshima zote.

Tulifika kijijini siku ya ukaguzi yenyewe, asubuhi, tukiwa tumekauka kwa vumbi. Binamu akatuonyesha kwa kidole, kisha akasema ana kazi shambani, akatokomea. Nilidhani amekosea. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikitafuta vyumba vitano na baraza.

Kulikuwa na chumba kimoja na nusu. Paa la mbele lilikuwa limeanguka zamani, maana ndani mlikuwa mmeota mti. Ukuta wa kushoto haukuwepo kabisa. Ulikuwa umelala chini na nyasi zimeufunika. Nyuma kulikuwa na jiko dogo lenye bati, moshi unatoka, nguo zimeanikwa. Na mbele, wima, katikati ya magofu hayo, ulisimama mlango. Mzima, na fremu yake, umefungwa.

Mume wangu alivua kofia. Mimi nilitaka kucheka na kulia, nikashindwa kuchagua.

"Baraza liko wapi?" nilimwuliza taratibu.

"Nilikuwa mdogo," akasema. "Nilikuwa naona kubwa."

Afisa wa ardhi alikuwa ameshafika, mwanamke wa makamo mwenye viatu vya matope na daftari kubwa. Pembeni yake alisimama mwanamume mnene aliyevaa koti juani, faili kwapani. Huyo, tulielezwa, ndiye mkwe. Na nyuma ya mkwe, kwenye kigoda, alikaa bibi mmoja mdogo mdogo, mikono mapajani. Ndiye aliyeomba kuandikwa, na yule mnene ni mume wa binti yake.

Mume wangu akaenda moja kwa moja kwa bibi. Nilishika roho. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na safari. Mmekunywa maji?"

Mkwe akakohoa, ishara kwamba maji hayakuwa kwenye mipango.

Afisa akapitia karatasi zetu: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha baba mkwe wangu, risiti moja ya ardhi iliyokunjwa mpaka imekuwa kitambaa. Akazisoma zote bila haraka, akazirudisha.

"Karatasi zako nzuri, mzee," akasema. "Nyumba ilikuwa ya baba yako, sina shaka. Tatizo si karatasi, tatizo ni miaka. Sheria yetu iko hivi. Mtu akikaa kwenye nyumba iliyotelekezwa miaka kumi na mitano, wazi, kama yake, bila mwenyewe kuja kudai wala kumpa ruhusa, nyumba inakuwa yake. Bibi hapa mto ulibeba nyumba yake, akaingia kwenye jiko hili. Mwezi uliopita ametimiza kumi na mitano. Wewe umewahi kuja?"

"Hapana."

"Umewahi kuandika barua? Kutuma mtu?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Nilimtazama mume wangu. Mtu ambaye ana jibu kwa kila kitu, ambaye ana sababu ya kufunga sukari, alikuwa ameinama anatazama viatu.

"Niliona ufunguo ninao," akasema. "Niliona inatosha."

Afisa hakucheka. Mkwe ndiye aliyecheka, na hapo ndipo nilipomchukia rasmi. Baadaye nilikuja kujua kwamba yeye ni fundi mwashi, hodari kabisa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuinua hata tofali moja la ule ukuta. Alikuwa anasubiri uwe wake kwanza.

"Basi," afisa akasema akifungua kalamu, "nikimwuliza bibi maswali mawili na akijibu kama ilivyo kwenye ombi, nitaandika. Samahani, mzee."

"Kabla hujaandika," mume wangu akasema, "niruhusu nifungue mlango. Mara moja tu. Halafu andika."

"Wa nini sasa?" mkwe akadakia. "Si upite tu hapo pembeni? Ukuta haupo!"

Na ni kweli. Kuku walikuwa wanapita. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshapita, nimesimama ndani karibu na ule mti. Lakini mume wangu alimtazama mkwe kwa macho ambayo huwatazamia watu wanaofungua kufuli kwa nyundo, akatoa ufunguo kifuani, alikokuwa ameufunga kwa kamba, akausogeza kwenye tundu.

Nilijiandaa kwa aibu. Miaka arobaini na minne ya mvua na jua! Nimekaa na huyu mtu vya kutosha kujua chuma kikiachwa hata mwaka kinakuwaje. Nilitegemea ung'ang'anie, ukatike, abaki na kipande mkononi mbele ya watu.

Ufunguo ukaingia. Akazungusha mara moja. Kitasa kikalia tak, kwa ulaini, kama kimefungwa jana.

Mlango ukafunguka. Kila mtu akashusha pumzi, hata mkwe. Mume wangu tu ndiye hakuonekana kufurahi. Alikunja uso. Akafunga, akafungua. Akachomoa ufunguo, akaupitisha chini ya pua, akanipa mimi. Miaka yote hiyo, na mara yangu ya kwanza kuruhusiwa kuushika ikawa ni kunusa.

"Mama watoto, hii harufu ya nini?"

Sikuhitaji kunusa mara mbili. Ni harufu ya mikono yangu kila siku. "Haya ni mafuta ya cherehani," nikasema.

"Nani anatia mafuta kitasa hiki?" mume wangu akauliza. Hakuuliza kwa shari. Aliuliza kama fundi anayemwulizia fundi mwenzake.

"Mimi," bibi akasema pale kigodani. "Kila mwaka kabla ya mvua. Namwomba mshonaji wa sokoni ananitilia kidogo kwenye kichupa. Natia kwa unyoya wa kuku, unafika ndani."

"Mama," mkwe akanong'ona, kwa ule mnong'ono unaosikika mpaka barabarani.

Afisa akainua kichwa. "Bibi, mlango huu unaufungua na kuufunga?"

"Nitaufungua vipi na ufunguo sina?"

"Sasa mafuta ya nini?"

Bibi akamshangaa, msomi mzima na daftari lake. "Wenyewe wakirudi je? Wakute umeshika kutu? Si nitaonekana mtu wa ajabu, nimekaa kwa watu miaka yote nimeshindwa hata kuwatunzia mlango?"

Kuku akapita. Mkwe alishika kichwa kwa mikono miwili, faili likaanguka, karatasi zikaruka mpaka kwenye nyasi.

"Mama, tulisemaje? Juzi tulisemaje?"

"Ulinifundisha niseme nyumba ni yangu," bibi akasema, "na nimekariri, baba, nimekariri mpaka usingizini. Jiko nilisema langu, nimelipiga bati mwenyewe. Lakini mlango! Mlango ni wa watu. Mimi napita pembeni."

Afisa akafunga kalamu. Alikuwa na uso wa mtu aliyebanwa na kicheko kazini. Akatueleza polepole, na nadhani alirudia kwa ajili yangu, maana nilikuwa nimeduwaa. Bibi amekaa pale miaka kumi na mitano, lakini hakukaa kama mwenye nyumba. Amekaa akimtunzia mwenye nyumba. Kwa hiyo ombi limeanguka, na nyumba ni ya mume wangu. Akitaka, bibi atatakiwa kuondoka ndani ya siku thelathini.

"Ndiyo hivyo, mzee. Unasemaje?"

Ningependa kuandika kwamba mimi ndiye niliyemshauri. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimetekwa na furaha. Nilishaona tunarudi na ushindi, nilishamwona muuza betri, anayeicheka nyumba yetu miaka yote, akinyamazishwa. Kisha nikamwona bibi. Alikuwa ameinuka kwenye kigoda, ameanza kuanua nguo zake, moja moja, akizikunja vizuri. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anafungasha, kwa sababu wenyewe wamerudi.

Nikamgeukia mume wangu nimwambie neno, nikakuta analia. Alikuwa analia bila kujificha, kofia mkononi, mbele ya mlango wake ulio wazi. Sikuwahi kumwona hivyo, hata alipomzika mama yake.

"Mama," akamwita. "Mama, acha hizo nguo. Baba aliniambia nisiiache. Mimi niliiacha. Hukuiacha wewe."

Kisha akapangusa uso, akarudi kuwa Kitasa. Akamwambia afisa aandike kwamba mwenye nyumba amefika, na kwamba bibi anakaa kwa ruhusa yake, mpaka atakapochoka yeye mwenyewe, na asisumbuliwe na mtu. Afisa akaandika. Mkwe akauliza, kwa sauti ya mtu aliyegundua ghafla kwamba ana adabu, kama kuna lolote analoweza kusaidia.

"Lipo," nikasema mimi. "Wewe si mwashi? Ukuta ule pale."

Tulikaa siku tatu. Mkwe alijenga huku akinung'unika, na lazima niseme, alijenga vizuri. Mume wangu alikata bawaba ya dirisha lililoanguka, akakaa kivulini na tupa zake, akachonga. Siku mbili nzima alichonga, akipima na ule ufunguo mweusi, akipuliza, akipima tena. Alichonga funguo mbili.

Asubuhi ya kuondoka alimwita bibi mlangoni. Nilidhani anampa mojawapo ya zile mpya. Akamwekea kiganjani ule mweusi, ule wa baba yake, akavifunga vidole vya bibi juu yake kwa mikono yake miwili.

"Usipite pembeni tena, mama," akamwambia.

Bibi akafungua, akaingia. Akatoka, akafunga. Akafungua tena, akaingia. Alifanya hivyo mara nne tukiwa tumesimama na mizigo, na basi likatupita.

Nakala moja akaivaa shingoni. Tulipokuwa barabarani tunasubiri basi jingine, akanipa ya pili, bila hotuba. Nilisubiri hotuba, haikuja. Aliniambia tu, "Na wewe ni mwenye nyumba," akageuka kutazama barabara.

Nilipofika nyumbani kitu cha kwanza nilitazama msumari. Uko mtupu mpaka leo. Muuza betri alipouliza kama nyumba tumeipata, mume wangu alisema tumeipata, ni chumba kimoja na nusu, na kuna mtu nyumbani. Hakuongeza hata dirisha. Wiki iliyofuata alitoa kufuli kwenye kabati la sukari, nikamwuliza kama anaumwa.

Aliyeharibika ni mimi. Juzi mteja amekuja kupima gauni, tukawa tunapiga soga, nikajisikia nikisema, "Sisi kule kwetu ng'ambo tuna nyumba yetu," na kabla hajauliza nikafungua pochi nikamwonyesha ufunguo. Akauliza ina vyumba vingapi. Nilipigana na ulimi wangu, na nilishinda kwa taabu sana.

Mvua za kule zinaanza mwezi ujao. Nimeshanunua chupa mbili za mafuta ya cherehani, moja ya kazi, na moja nimeizungushia kitambaa nikaitia begini. Nimemwandikia bibi asimsumbue mshonaji wa sokoni, mwaka huu tunakuja kukitia kitasa mafuta wenyewe.